Somo la kompyuta: SSD inapopunguza kasi, mfumo endeshi una kazi gani?

Mkazi anayenunua kipakatalishi cha mitumba siku hizi huuliza swali moja kabla ya kutoa pesa: kina SSD? Swali hilo ni zuri. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na sindano inayotafuta mahali pa kusoma, nayo hutumia takriban sehemu ya mia moja ya sekunde kufikia kila kipande cha faili. SSD haina kitu kinachozunguka, na hufikia kipande hicho kwa muda mfupi mno kiasi kwamba mashine ya miaka kumi huonekana mpya.

Shida huja baadaye. Mashine iliyokuwa ikiwaka haraka inaanza kusita. Kuhifadhi picha za harusi kunachukua robo saa. Mwenye saiba anaona wateja wanaojaza fomu za iTax wakisubiri huku mshale ukizunguka. Fundi anatazama na kusema diski imekufa, inunuliwe nyingine. Huenda anasema kweli, kwa sababu SSD hufa. Lakini kabla ya pesa kutoka mfukoni kuna mambo machache ya kuangaliwa ambayo hayagharimu chochote, na yote yanahusu mawasiliano kati ya mfumo endeshi na diski yenyewe.

Diski isiyoweza kuandika juu ya maandishi

Data katika SSD hukaa ndani ya chipu za aina iitwayo NAND, ambazo mhandisi Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba waliziwasilisha mwaka 1987. Chipu hizo zimegawanywa katika kurasa ndogo, kwa kawaida za kilobaiti 4 hadi 16, na kurasa nyingi pamoja hufanya bloki moja yenye ukubwa wa megabaiti kadhaa. Hapo ndipo penye ugumu wote. Diski inaweza kuandika ukurasa mmoja mmoja, lakini haiwezi kufuta ukurasa mmoja. Hufuta bloki nzima kwa mara moja. Tena haiwezi kuandika juu ya ukurasa uliokwisha kuandikwa. Lazima ufutwe kwanza.

Mfano wa karibu ni ploti ya nyumba za kupanga. Mwenye ploti anakaa mjini na ana daftari la wapangaji. Msimamizi anaishi hapo hapo kwenye ploti. Sheria ya ploti hii ni ya ajabu kidogo: chumba kikishakaliwa hakiingizwi mtu mwingine mpaka kipakwe rangi, na rangi haipakwi chumba kimoja kimoja, hupakwa orofa nzima. Kwa hiyo msimamizi akitaka vyumba vya kupokea wageni, humbidi ahamishe vitu vya wapangaji waliobaki kwenye orofa hiyo, avipeleke orofa nyingine, apake rangi, kisha afungue milango.

Mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, ndiye mwenye ploti. Kidhibiti kilicho ndani ya SSD ndicho msimamizi. Sasa, mtu anapofuta faili na kumwaga pipa la taka la kompyuta, mfumo endeshi haugusi data hata kidogo. Hupiga mstari tu kwenye daftari lake: chumba namba fulani, mpangaji amehama. Kwa diski ya sahani hilo lilitosha, kwa sababu faili mpya iliandikwa juu ya ile ya zamani bila maandalizi yoyote. Kwa SSD halitoshi. Msimamizi hajapigiwa simu. Kwake yeye vyumba vyote bado vina watu, na kila anapopaka rangi orofa hubeba vitanda na makabati ya watu waliohama miezi sita iliyopita, huku akitoka jasho bure.

Kazi hiyo ya bure ndiyo inayokula kasi. SSD mpya ina bloki nyingi tupu, hivyo huandika papo hapo. Baada ya miezi ya kuandika na kufuta, bloki tupu huisha, na kila faili mpya inasubiri kidhibiti kinakili kurasa kutoka bloki moja hadi nyingine, kifute, kisha kiandike. Gigabaiti moja ya mtumiaji inaweza kuzaa gigabaiti mbili au tatu za kuandika ndani ya chipu. Mtumiaji haoni lolote ila mshale unaozunguka.

Simu kutoka kwa mwenye ploti

Simu iliyokosekana huitwa TRIM. Jina hilo huandikwa kwa herufi kubwa ingawa si kifupisho cha maneno mengine. Ni amri ambayo mfumo endeshi huituma kwa diski ikisema: kurasa hizi hazina mtu tena, usizibebe. Diski za NVMe, zile nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, zina amri yao ya aina hiyo kwa jina tofauti, na kazi ni ile ile.

Ilichukua muda amri hii kuenea. SSD ya Intel iliyoitwa X25-M ilipotoka mwaka 2008 ilisifiwa sana kwa kasi, lakini mwanzoni mwa 2009 wachunguzi wa vifaa walionyesha kwamba hupoteza kasi baada ya kutumika kwa muda. Kizazi cha pili cha diski hiyo kilipata TRIM kupitia programu dhibiti mpya mwaka huo huo. Kizazi cha kwanza hakikupata kamwe. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, ndiyo Windows ya kwanza kutuma TRIM yenyewe. Linux iliipata kikamilifu kwa diski za kawaida katika toleo la kiini 2.6.33, Februari 2010. Windows XP na Vista hazina TRIM, na mashine ya ofisi ambayo bado ina XP kwa sababu ya programu fulani ya zamani ya uhasibu haitapata faida kamili ya SSD hata ikiwekewa iliyo ghali.

Kuangalia kwenye Windows

Kwanza inafaa kujua diski ni ya aina gani. Katika Windows 10 za karibuni na Windows 11, kidirisha cha Task Manager, sehemu ya Performance, huandika wazi HDD au SSD chini ya jina la diski. Mnunuzi anaweza kuomba kuonyeshwa hapo hapo dukani, na muuzaji mwaminifu hatakataa.

Baada ya hapo hufunguliwa Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na kuandikwa amri hii:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Jibu likiwa 0, TRIM inatumwa. Likiwa 1, imezimwa. Wengi hukosea hapa, na si kosa lao: amri inauliza kama kuzima kumewashwa, kwa hiyo sifuri ndiyo habari njema. Iwapo jibu ni 1, hurekebishwa kwa kuandika:

fsutil behavior set DisableDeleteNotify 0

Ikumbukwe kwamba sifuri inathibitisha jambo moja tu, kwamba Windows inapiga simu. Haithibitishi kwamba diski inapokea.

Kuanzia Windows 8 kuna ulinzi wa pili. Programu iitwayo "Defragment and Optimize Drives" huamka kila wiki na kutuma tena TRIM kwa nafasi zote zilizo wazi, ili kuziba pengo la simu zilizopotea. Katika dirisha lake kila diski imeandikiwa aina yake na siku ilipotunzwa mara ya mwisho. Ikiwa SSD imeandikwa "Solid state drive" na ratiba imewashwa, hakuna la kuongeza. Ikiwa tarehe ni ya miezi mingi iliyopita, huenda kompyuta huzimwa kila mara kabla programu haijapata nafasi, jambo la kawaida kwenye saiba na madarasa ya kompyuta ambako stima huzimwa ukutani jioni. Kubonyeza "Optimize" mara moja na kuiacha mashine ikiwaka hutosha.

Jina la programu hiyo limeleta mkanganyiko wa miaka mingi. Kupanga upya vipande vya faili ni kazi iliyofaa diski za sahani, kwa sababu sindano ilipunguziwa safari. SSD haina sindano, na kupanga vipande huko ni kuchosha chipu kwa faida ndogo mno. Windows yenyewe hutambua SSD na kubadili kazi. Programu za nje zinazoahidi "kuharakisha kompyuta" kwa kupanga diski ndizo za kuepukwa. Nyingi hazistahili hata nafasi zinazochukua.

Linux, Mac na simu

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na baadhi ya shule na wakazi wenye mashine zisizokubali Windows 11 wamehamia Linux. Ubuntu na mifumo mingi ya jamii yake huja na kipima muda kinachoendesha fstrim mara moja kwa wiki. Hukaguliwa kwa:

systemctl status fstrim.timer

Kama hakijawashwa, huwashwa kwa sudo systemctl enable --now fstrim.timer. Anayetaka kuona kazi ikifanyika papo hapo huandika sudo fstrim -av, na mfumo humwambia ni gigabaiti ngapi zimetangazwa kuwa wazi. Amri ya lsblk --discard huonyesha kama diski inapokea ujumbe: safu za DISC-GRAN na DISC-MAX zikiwa sifuri, haipokei.

Kuna njia nyingine ya Linux ya kutuma TRIM kila faili inapofutwa, kwa kuongeza neno discard kwenye faili ya fstab. Kwa mashine ya nyumbani au shuleni, utaratibu wa kila wiki unatosha na una usumbufu mdogo. Diski nyingi za SATA za zamani husimamisha kazi nyingine zote kila zinapopokea TRIM, na simu mia moja kwa dakika humchosha msimamizi yeyote.

Kompyuta za Apple zenye SSD ya Apple hufanya kazi hii bila kuulizwa. Mashine ya zamani ya Apple iliyowekewa SSD ya kampuni nyingine huhitaji amri ya sudo trimforce enable, iliyoongezwa katika toleo la 10.10.4 mwaka 2015.

Kompyuta inayotumiwa zaidi na wakazi ni simu, nayo ina chipu za NAND vilevile. Kompyutabao ya Nexus 7 ya mwaka 2012 ilijulikana kwa kuchoka baada ya miezi ya matumizi, mpaka Android 4.3 ilipokuja Julai 2013 ikiwa na TRIM. Tangu hapo Android hufanya usafi huo simu inapokuwa imetulia kwenye chaji, kwa kawaida usiku. Simu ambayo huchajiwa mchana tu huku ikitumika hupata nafasi chache za usafi. Na ile iliyojaa video za WhatsApp hadi megabaiti ya mwisho ina tatizo lingine, ambalo inalo pamoja na kompyuta.

Diski iliyojaa

TRIM haisaidii mahali ambapo hakuna cha kutangaza. Diski yenye gigabaiti 240 ikibaki na gigabaiti 3 wazi, msimamizi hana orofa ya kuhamishia vitu. Watengenezaji huacha akiba kidogo iliyofichwa ndani ya kila SSD kwa kazi hiyo, lakini akiba hiyo ni ndogo katika diski za bei nafuu. Tena SSD nyingi za leo hutumia sehemu ya nafasi iliyo wazi kama sebule ya haraka: faili mpya hupokelewa hapo kwa kasi kubwa, kisha husogezwa polepole mahali pake pa kudumu. Diski inapojaa sebule hupungua, na kunakili faili kubwa huanza kwa kasi nzuri kisha kuporomoka ghafla. Anayeona dalili hiyo aanze kwa kupunguza mzigo. Kubakiza asilimia 10 hadi 20 ya diski wazi ni kanuni inayofaa mashine nyingi, na mara kadhaa hiyo ndiyo dawa yote inayohitajika.

Kinyume chake, hofu ya kwamba SSD "itaisha" kwa kuandikwa imetiwa chumvi. SSD ya Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500, kwa mfano, ina dhamana ya kuandikwa terabaiti 300 au miaka 5. Ofisi inayoandika gigabaiti 20 kila siku, ambazo si kidogo, ingehitaji siku 15,000 kufika hapo, yaani zaidi ya miaka 40. Chipu huchakaa kweli, lakini mashine ya nyumbani ina nafasi kubwa zaidi ya kuharibika kwa kitu kingine kabla ya hapo.

Ujumbe unapopotea njiani

Mfumo endeshi unaweza kutuma TRIM na isifike. Kisanduku cha USB cha bei rahisi kinachogeuza SSD kuwa diski ya nje mara nyingi hakipitishi amri hiyo. Seva ndogo za ofisi zenye kadi ya RAID zina tatizo kama hilo, na ni vyema fundi aulizwe kabla ya kadi kununuliwa. Kwenye Linux, diski iliyofichwa kwa msimbo huenda isiruhusu TRIM mpaka iruhusiwe wazi katika faili ya crypttab, kwa sababu TRIM humwonyesha anayechungulia ni sehemu zipi za diski zilizo tupu. Kwa kipakatalishi cha kawaida hatari hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kasi.

Halafu kuna urithi wa Windows XP. Mfumo huo ulianza sehemu ya kwanza ya diski kwenye sekta ya 63, yaani baiti 32,256, hesabu ambayo haigawanyiki sawasawa kwa kurasa za baiti 4,096. Fundi akinakili diski ya zamani ya namna hiyo moja kwa moja hadi SSD, kila ukurasa wa mfumo endeshi hukalia kurasa mbili za diski, na kazi huongezeka. Kuanzia Vista sehemu huanza kwenye megabaiti ya kwanza, na tatizo halipo. Kusakinisha mfumo upya badala ya kunakili hulimaliza kabisa.

Faili iliyofutwa hairudi

Upande huu wa TRIM hauzungumzwi dukani. Katika diski ya sahani, katibu wa chama aliyefuta kwa bahati mbaya daftari la michango aliweza kupeleka mashine kwa fundi siku hiyo hiyo, na mara nyingi faili ilirudi, kwa kuwa data ilikuwa bado pale chini ya mstari uliofutwa. Kwenye SSD yenye TRIM, simu hupigwa mara tu pipa la taka linapomwagwa, na diski nyingi kuanzia hapo hurudisha sifuri tupu kila zinapoulizwa kurasa hizo. Programu za kurejesha faili zitaendesha kwa saa tatu na kuleta majina ya faili yasiyo na kitu ndani. Anayelipa elfu kadhaa kwa kazi hiyo mara nyingi hulipia majina tu.

Iwapo faili muhimu imefutwa, mashine inafaa izimwe mara moja kabla TRIM haijafanya kazi yake, ingawa nafasi ni finyu. Kinachosaidia ni nakala iliyo mahali pengine: skani ya hati ya shamba, vyeti vya watoto, rekodi za chama. Kufuta TRIM ili kubaki na matumaini ya kurejesha faili ni biashara mbaya. Kasi hupotea kila siku kwa ajili ya siku moja isiyojulikana.

Upande huo huo una faida mashine inapouzwa. Shule, zahanati na vikundi vinavyohifadhi majina na namba za vitambulisho vya watu vinabanwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mtindo wa zamani wa kuandika sifuri juu ya diski mara tatu au saba haufai SSD: huchosha chipu na bado huenda ukaacha data kwenye akiba iliyofichwa. Njia sahihi ni amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya diski, ambayo hupatikana kwenye programu ya mtengenezaji na katika baadhi ya mashine kwenye menyu ya BIOS. Diski iliyokuwa imefichwa kwa BitLocker tangu mwanzo ni rahisi zaidi, kwa kuwa ufunguo ukiharibiwa kilichobaki hakisomeki.

Stima na joto

Kidhibiti cha SSD huwa na daftari lake la kukumbuka kila ukurasa uko wapi, na huliandika upya wakati wote. Stima ikipotea katikati ya kazi hiyo, diski za bei nafuu zinaweza kupoteza kurasa za daftari hilo, na mara chache mashine hushindwa kuiona diski kabisa. Betri nzima ya kipakatalishi ni kinga tosha. Kompyuta ya mezani ya saiba inahitaji UPS, hata ndogo ya dakika tano, ili izimwe kwa utaratibu.

SSD pia haifai kuwa sanduku la kufungia nakala ya pekee. Data katika chipu hushikiliwa na chaji ya umeme, nayo huvuja polepole, haraka zaidi penye joto. Kiwango cha JEDEC kinachofuatwa na watengenezaji kinadai kwamba SSD ya matumizi ya kawaida iliyofika mwisho wa dhamana yake ya kuandikwa ishike data mwaka mmoja bila stima kwenye nyuzi 30 za Selsiasi. Diski mpya hushika kwa muda mrefu kuliko huo. Hata hivyo, picha za familia zilizowekwa kwenye SSD ya nje na kusahauliwa kabatini chini ya mabati ziwe pia kwenye diski ya sahani au kwenye akaunti ya mtandaoni, na SSD yenyewe ichomekwe kwenye kompyuta mara moja moja ndani ya mwaka, iachwe ikiwaka kwa saa chache.